Nani Awe Mlezi wa Mtoto Anayesoma Bweni Uingereza: Ndugu, Shirika au Mzazi wa Rafiki?

Mzazi wa Mwanza aliyekwisha kumpatia mtoto wake nafasi katika shule ya bweni nchini Uingereza huletewa fomu nyingi, na katika mojawapo huwa kuna mahali pa kuandika jina la mlezi anayeishi nchini humo. Wengi wetu huandika jina la ndugu wa kwanza tunayemkumbuka kuwa yuko huko, kama tulivyozoea kuandika jina la mjomba wa Nyegezi au wa Igoma katika fomu za kujiunga na kidato cha kwanza, kisha tunarudi kwenye mambo tunayoyaona kuwa mazito zaidi, yaani viza, tiketi, cheti cha kipimo cha kifua kikuu na koti la baridi. Hapa ninalinganisha njia tatu ambazo mzazi wa kwetu huwa nazo mbele yake: ndugu anayeishi Uingereza, shirika la ulezi linalolipwa, na mzazi wa mwanafunzi mwenzake. Nimewahi kutumia mbili kati ya hizo kwa mtoto yuleyule, na sitaficha ninakoegemea.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu mlezi anaweza kuwa mtu aliyekabidhiwa mtoto na mahakama, au shangazi anayekaa na mtoto kwa sababu nyumba yake iko karibu na shule. Mlezi anayetakiwa na shule ya Uingereza hafanani sawasawa na yeyote kati ya hao. Haki na wajibu wa mzazi hubaki kwa mzazi aliyeko Mwanza, na mlezi hufanya yale ambayo mzazi angeyafanya kama angekuwa anaishi umbali wa saa moja kutoka shuleni: kumpokea mtoto uwanja wa ndege, kumchukua mabweni yanapofungwa, kuhudhuria kikao cha wazazi, kumkalisha nyumbani anapougua ugonjwa wa kuambukiza, na kumchukua siku hiyohiyo endapo atasimamishwa masomo. Hilo la mwisho hakuna mzazi anayependa kulifikiria wakati anajaza fomu, lakini shule hulifikiria mapema.

Kazi yenyewe ni usiku mingapi?

Mwaka wa masomo wa Uingereza huanza Septemba, tofauti na wetu unaoanza Januari, na una mihula mitatu. Katikati ya kila muhula kuna mapumziko ya wiki moja, na shule nyingi za bweni huyafanya yale ya Oktoba kuwa wiki mbili. Zaidi ya hayo, shule nyingi zina wikendi maalumu ambazo wanafunzi wote hutakiwa kuondoka bwenini kuanzia Ijumaa au Jumamosi hadi Jumapili jioni. Mzazi wa kule huja na gari lake. Mzazi wa Mwanza hawezi kumrudisha mtoto nyumbani kwa wikendi, na hata mapumziko ya wiki moja huwa ni nauli kubwa kwa siku chache.

Tukichukua shule yenye wiki mbili za mapumziko Oktoba, wiki moja Februari, wiki moja mwishoni mwa Mei, na wikendi nne za kuondoka katika mwaka, tunapata karibu usiku arobaini ambao mtoto anatakiwa kulala mahali pengine. Ongeza usiku wa safari, ambao sisi wa Kanda ya Ziwa huuhitaji kuliko mzazi wa Dar es Salaam, kwa sababu mtoto wetu huanza kwa ndege ya ndani ya kama saa moja na nusu, kisha husubiri ya kimataifa, kisha mara nyingi hubadilisha nyingine njiani. Akifika Heathrow asubuhi na bweni likafunguliwa jioni, lazima awepo mtu wa kukaa naye mchana kutwa. Shule ikifungwa Ijumaa saa sita mchana na ndege ikawa ya Jumamosi, lazima ipatikane nyumba ya kulala usiku huo.

Kwa hiyo swali la kumuuliza ndugu yako halipaswi kuwa "utamwangalia mwanetu?", kwa sababu hakuna ndugu atakayejibu hapana kwa swali kama hilo. Swali ni kama ataweza kumpa chumba kwa usiku arobaini, kwa tarehe ambazo shule imeshazipanga na ambazo yeye hawezi kuzisogeza.

Umbali na zamu za kazi

Hapa ndipo ndugu wengi wanaposhindwa, tena bila kosa lao. Ramani ya Uingereza hutudanganya kwa udogo wake. Kutoka Leicester hadi Exeter ni takriban kilomita mia tatu kwa barabara, umbali usiopishana sana na ule wa kutoka hapa hadi Tabora, na hakuna anayeweza kumwambia mtu wa Mwanza aende Tabora kumchukua mtoto mwenye homa kisha arudi naye kabla ya chakula cha jioni. Isitoshe, ndugu zetu wengi walioko huko hufanya kazi za zamu katika hospitali, maghala na nyumba za kutunzia wazee, ambako kukosa zamu moja ni kukosa ujira wa siku hiyo.

Mwanangu alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitano, mlezi wake alikuwa baba yake mdogo, na shule ilikuwa mbali naye kwa umbali wa namna hiyo. Usiku mmoja wa Novemba simu yangu iliita saa nane, ambayo wakati wa baridi ni saa tano usiku kwao. Muuguzi wa shule alikuwa akiarifu kwamba ugonjwa wa kutapika na kuhara umeingia bwenini, mwanangu ni miongoni mwa walioupata, na shule inaomba walio na walezi wachukuliwe asubuhi. Yeye alikuwa amekwisha kumpigia mlezi mara tatu. Baba mdogo alikuwa kazini, na simu za wahudumu hukaa kabatini hadi zamu iishe. Alizipata saa moja asubuhi, akapanda treni bila kulala, akamfikia mtoto mchana, na akapoteza ujira wa siku mbili ambao hakutaka kabisa nimrudishie. Mtoto alipona kwa siku tatu. Kilichobaki ni kwamba tangu siku hiyo niliona haya kumwomba ndugu yule jambo lolote, naye nadhani aliona haya kuniambia kwamba kazi imemzidi. Waliosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walikuwa wanamsema mgeni. Sikujua kwamba inaweza kumkuta na mwenyeji.

Shirika la ulezi likiwa zuri huwa na simu inayopokelewa saa ishirini na nne na zaidi ya mtu mmoja wa kuipokea, na familia mwenyeji huchaguliwa kwa kuangalia shule ilipo. Ubora wake katika jambo hili ni mkubwa kiasi kwamba ningesema, kwa mzazi ambaye ndugu yake yuko zaidi ya saa moja na nusu kutoka shuleni, hakuna haja ya kuendelea kulinganisha.

Mzazi wa mwanafunzi mwenzake hushinda wote kwa ukaribu, kwa kuwa tayari anakuja pale getini kumchukua mwanawe. Udhaifu wake ni kwamba urafiki wa watoto wa miaka kumi na minne hauna mkataba. Wakikosana Januari, Februari mwanao analala wapi?

Ndugu wa Kiswahili na ndugu wa sheria ya Uingereza

Jambo hili halisemwi sana katika mazungumzo yetu, nami ningependa mzazi alisome taratibu. Sheria ya Watoto ya Uingereza ya mwaka 1989 ina orodha fupi ya wanaohesabiwa kuwa ndugu wa karibu wa mtoto: babu na bibi, kaka na dada, ndugu wa baba au wa mama, wakiwa wa tumbo moja, wa mzazi mmoja au kwa ndoa, na mzazi wa kambo. Baba mdogo aliyezaliwa pamoja na baba wa mtoto yumo. Lakini kwetu mtoto wa kaka yake babu naye ni baba mdogo, tena humwamkia hivyo bila kufikiri, na kwa sheria ile huyo si ndugu wa karibu. Vivyo hivyo mama mkubwa wa ukoo, na yule shangazi ambaye ukweli ni kwamba alisoma na mama yako Bwiru.

Tofauti hiyo ina matokeo. Mtoto aliye chini ya miaka 16, au chini ya miaka 18 ikiwa ana ulemavu, akikaa siku 28 au zaidi kwa mtu asiye mzazi wala ndugu wa karibu, mpango huo huhesabiwa kuwa malezi binafsi, na halmashauri ya eneo lile lazima itaarifiwe. Kwa mpango uliojulikana mapema, taarifa hutakiwa angalau wiki sita kabla, na ofisa wa ustawi wa jamii huenda kuiona nyumba na kuzungumza na mtoto. Mapumziko ya katikati ya muhula hayafikii siku hizo. Likizo ya Julai na Agosti huzipita kwa mbali, na mzazi anayeamua mtoto asirudi kiangazi ili kuokoa nauli anaweza kumwingiza ndugu yake katika wajibu ambao hakuna kati yao aliyeufahamu.

Sheria hii haimwachi pembeni mwenyeji wa shirika wala mzazi wa rafiki, kwa maana wote hao si ndugu wa karibu. Tofauti ni kwamba shirika linaijua na linapaswa kukuambia, ilhali baba mdogo wa ukoo ataijua siku atakapoulizwa. Katika maombi ya viza ya mwanafunzi mtoto, ambayo ni ya wenye umri wa miaka 4 hadi 17, wazazi huandika barua ya kuridhia safari na mipango ya malezi, kwa hiyo uhusiano ulioandikwa pale usiwe wa heshima tu. Andika ulivyo.

Nani amemkagua?

Nchini Uingereza kazi ya ulezi wa wanafunzi haina leseni ya lazima ya serikali. Mtu yeyote anaweza kufungua tovuti, akaweka picha ya nyumba ya matofali mekundu na kujiita shirika. Kilichopo ni ukaguzi wa hiari, na unaofahamika zaidi ni wa AEGIS, chama kilichoanzishwa mwaka 1994, ambacho huyakagua mashirika ya ulezi na kuorodhesha yaliyofaulu. Chama cha shule za bweni, BSA, nacho kina mpango wake wa kuwathibitisha walezi. Shirika lililokaguliwa linatakiwa kuonyesha kwamba wenyeji wamechunguzwa rekodi zao za makosa ya jinai na kwamba nyumba zao zimetembelewa kabla mtoto hajapelekwa. Uliza swali hili kwa maandishi: ni watu wazima wangapi wanalala katika nyumba hiyo, na wote wamechunguzwa? Jibu la mkato ni jibu.

Ndugu hachunguzwi na mtu, isipokuwa shule iamue kumuuliza. Shule nazo zinabanwa, kwani viwango vya chini vya kitaifa vya shule za bweni za England, vilivyoanza kutumika Septemba 2022, vimeugusa ulezi huu moja kwa moja, na ndiyo maana baadhi ya shule siku hizi humtaka mlezi mwenye umri fulani, anayeishi karibu, na asiye mwanafunzi wa chuo. Binamu wa miaka ishirini na mbili anayesoma shahada ya uzamili Manchester ni mtu mwema, lakini shule nyingi zitamkataa, nami nadhani zina haki.

Yupo mlezi wa nne ambaye sikumpa nafasi katika kichwa cha habari. Ni yule anayeletwa na wakala aliyekutafutia shule, mara nyingi katika ukumbi wa hoteli hapa mjini, kama sehemu ya kifurushi kimoja. Ikiwa huyo mlezi ni shirika lililokaguliwa, vizuri. Ikiwa ni "mwenzetu tuliyemzoea", usitie saini.

Gharama

Tangu tarehe 1 Januari 2025 ada za shule binafsi za Uingereza, pamoja na za bweni, hutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na mzazi anayetafuta pa kupunguza huona gharama ya mlezi kuwa ya kwanza kukatwa. Shirika huwa na ada ya mwaka, amana inayorudishwa mwishoni ikiwa hakuna deni, malipo ya kila usiku kwa familia mwenyeji, na usafiri unaolipiwa kwa kila safari. Ukitaka kulinganisha mashirika mawili, usiangalie ada ya mwaka peke yake. Chukua kalenda ya shule, hesabu usiku kama tulivyofanya hapo juu, zidisha kwa bei ya usiku, kisha ongeza safari za uwanja wa ndege kwenda na kurudi, mara tatu kwa mwaka. Shirika lenye ada ndogo linaweza kuwa ghali kuliko jirani yake.

Ndugu huonekana wa bure. Hata hivyo nauli za treni ni zake, chakula ni chake, na siku za kazi alizozikosa ni zake. Ukimteua ndugu, mpangie kiasi kinachojulikana na ukipeleke mwanzoni mwa kila muhula bila kusubiri aombe, kwa sababu hataomba. Kwa mzazi wa rafiki, pesa hushindikana kabisa. Kwake zawadi ndogo na kadi ya shukrani hueleweka vizuri kuliko bahasha.

Homa, damu na baridi

Katika mambo yote, hili ndilo ambalo ndugu hulishinda shirika waziwazi. Mtoto aliyetoka Mwanza baada ya likizo ya Desemba akipata homa Januari, Mtanzania yeyote atasema malaria kabla hajasema mafua. Mwenyeji wa Somerset atampa dawa ya maumivu na kumwambia apumzike, na daktari wa kule asipoambiwa mtoto ametoka wapi anaweza kuchelewa kupima, ilhali malaria ya aina yetu huua haraka. Kichocho nacho ni cha kutajwa kwa mtoto aliyezoea kuoga ziwani. Selimundu, ambayo Kanda ya Ziwa inaijua sana, huchochewa na baridi, na mtoto mwenye hali hiyo anahitaji mlezi anayetambua maumivu ya kwanza asiyachukulie kuwa uvivu wa kwenda mazoezini.

Pengo hilo huzibwa kwa karatasi moja. Mwombe daktari wako, awe wa Bugando au wa kliniki unayoiamini, akuandikie kwa Kiingereza historia ya mtoto, kundi la damu, hali ya selimundu, dawa zinazomdhuru, na sentensi isemayo wazi kwamba homa yoyote ndani ya miezi kadhaa baada ya kutoka Tanzania ipimwe malaria siku hiyohiyo. Nakala moja ipate muuguzi wa shule, nyingine mlezi, ya tatu akae nayo mtoto mwenyewe. Huduma umekwisha kuilipia kupitia ada ya afya ya viza, ambayo kwa mwanafunzi na mtoto ni pauni 776 kwa mwaka, kwa hiyo mlezi asisite kumpeleka kwa kuhofia gharama. Kuhusu ridhaa ya matibabu, kijana wa miaka 16 na kuendelea nchini England anaweza kuridhia mwenyewe. Aliye chini ya hapo kwa kawaida anahitaji fomu uliyokwisha kuisaini kabla ya dharura.

Lugha, chakula na ibada havihitaji maneno mengi. Kwa ndugu mtoto atakula ugali na kusikia Kiswahili, jambo ambalo mwezi wa pili wa upweke lina uzito kuliko tunavyodhani. Mwenyeji mwema atajifunza kupika wali, na shirika zuri litampatia mtoto wa Kiislamu nyumba inayojali chakula halali na daku ya Ramadhani, mradi umeandika mapema na usingoje mtoto ajieleze.

Ningechagua hivi

Kwa mtoto wa chini ya miaka 16, ningeanza na shirika lililokaguliwa, hata kama ndugu wapo. Kwa kijana wa miaka 16 au 17 ambaye baba mdogo wa damu yuko ndani ya saa moja na nusu kutoka shuleni, ana chumba, na kazi yake inamruhusu kupokea simu usiku, ningemchagua baba mdogo bila kusita. Mzazi wa rafiki ningemwachia wikendi moja moja, kwa idhini ya maandishi kila mara, na jina lake lisiwe la kwanza kwenye fomu.

Sisi tulibadilisha mwaka uliofuata. Jina la mlezi likawa la shirika, na jina la baba mdogo tukaliandika shuleni katika orodha ya watu wanaoruhusiwa kumtembelea na kutoka naye. Nilimpigia simu kumweleza kabla hajasikia kwa mtu mwingine, nikiwa nimejiandaa kwa lawama. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama mapumziko ya Februari mtoto anaweza kuja kwake siku tatu tu, Jumamosi hadi Jumatatu, kwa kuwa siku hizo yeye yuko mapumzikoni na mkewe amepata dagaa wa Mwanza.